Uvimbe wa Kifundo cha Nyuma cha Farasi: Tazama Ulipo Kabla ya Kutazama Ukubwa

Farasi akiamka na mguu wa nyuma umevimba, watu bandani huulizana kwanza umevimba kiasi gani. Kwenye kifundo cha nyuma swali hilo hupotosha. Kuna uvimbe wa kujaza kiganja ambao farasi huishi nao miaka kumi, akiruka viunzi na kucheza polo, asichechemee hata siku moja. Na kuna tundu la mwiba lisiloonekana mpaka upekue manyoya, ambalo lisiposhughulikiwa mapema hummaliza farasi. Kwa hiyo anza na mahali. Uvimbe umekaa mbele au nyuma? Ndani au nje? Juu ya kisigino au chini yake? Kifundo hiki kimejaa vifuko vya ute, kano na mifupa midogo iliyobanana, na kila kimoja kikiumia huvimba mahali pake.

Kifundo ninachokisema hapa ni kile kiungo kikubwa cha katikati ya mguu wa nyuma. Kwa mpangilio wa mifupa ndicho kifundo cha mguu wetu sisi, na ile ncha iliyochongoka kwa nyuma ndiyo kisigino chake. Usikichanganye na kiungo cha chini kilicho juu kidogo ya ukwato. Ndani yake kuna viungo vinne vilivyopandana. Cha juu kabisa ndicho kinachokunja na kukunjua mguu. Viwili vya chini karibu havisogei, kazi yao ni kupokea mshindo na msokoto. Kano kuu hushuka kutoka kwenye misuli ya juu na kujishika kisiginoni, na mbele yake kidogo, upande wa ndani, hupita kano nyingine ndefu iendayo mpaka kwatoni, ikiwa ndani ya ala yenye ute. Ukiyashika haya machache, mengine yote yatakaa sawa.

Namna ya kumkagua

Msimamishe mahali tambarare pagumu, miguu yote minne ikiwa imebeba uzito sawasawa. Farasi aliyepumzisha mguu mmoja atakudanganya, maana mguu uliolegea huonekana umejaa hata kama ni mzima. Mtazame kwa nyuma ukiwa mbali, kisha kwa ubavu, kisha kwa mbele ukiinama kidogo kuona upande wa ndani wa vifundo. Kila unachokiona mguu wa kulia, kitafute na mguu wa kushoto. Farasi wengi wana vifundo vyenye mabonge ya kuzaliwa nayo, na mguu wa pili ndio utakaokuambia kama hilo bonge ni lake au ni geni.

Halafu mkono. Anzia nyongani, uteremke polepole huku umejibana na ubavu wake, mtu mwingine akimshika kichwa upande huohuo uliopo wewe. Usichutame wala kupiga magoti. Mtu aliyesimama hatua moja nyuma ya farasi hupokea teke likiwa na nguvu zake zote. Aliyegusana naye husukumwa tu. Vijana wapya bandani hujitenga kwa woga, na umbali ule ndio wa hatari.

Gusa kwa mgongo wa kiganja kutafuta joto, asubuhi kabla ya kazi na kabla jua halijampiga. Kisha bonyeza kwa kidole gumba. Je, ni kugumu kama mfupa, au kunabonyea na kurudi? Kidole kikitoka, shimo linabaki? Farasi anauondoa mguu? Mwisho pima joto la mwili kwa njia ya haja kubwa. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Punda huwa chini kidogo kwa joto, na maumivu huyaficha zaidi. Wenye punda Lamu wanajua kwamba mnyama anaweza kubeba mawe ya ujenzi asubuhi nzima na mguu unamuuma, kwa hiyo punda akichechemea waziwazi, chukulia kwamba hali ni mbaya kuliko inavyoonekana.

Baada ya hapo mtembeze, kisha mkimbize mchakamchaka mwepesi kwenye mstari ulionyooka huku ukitazama nyonga. Upande wa mguu mbovu, nyonga hupanda na kushuka kuliko upande wa pili. Sikiliza pia kwato: anayeburuta ncha ya ukwato husikika kabla hajaonekana.

Uvimbe laini: spavini ya maji na thoropini

Hivi viwili ndivyo vinavyochanganywa zaidi, hata na watu waliozeeka bandani, na kuvitofautisha hakuhitaji kifaa chochote.

Spavini ya maji ni kiungo cha juu kilichojaa ute kupita kiasi. Uvimbe mkubwa hutokea mbele, upande wa ndani, pale ambapo kifundo kinajikunja. Lakini kifuko cha kiungo hicho kina milango mingine nyuma, upande wa ndani na wa nje, kwenye shimo lililo kati ya mfupa na kano kuu. Weka kiganja kimoja juu ya uvimbe wa mbele na vidole vya mkono wa pili nyuma. Bonyeza mbele. Kama ute unahama na kuvisukuma vidole vilivyo nyuma, umekutana na spavini ya maji.

Thoropini hukaa juu zaidi na nyuma zaidi, kwenye ule mwanya ulio mbele tu ya kano kuu, juu ya kisigino. Hapo kiungo hakihusiki. Kilichojaa ni ala ya ile kano ndefu. Ukibonyeza upande wa ndani, uvimbe hutokeza upande wa nje, na ukibonyeza nje hurudi ndani. Mbele ya kifundo hakuna kinachotikisika. Fanya jaribio hilo mara mbili tatu kwa farasi tofauti na vidole vyako havitasahau tena.

Farasi mwenye spavini ya maji, uvimbe ukiwa baridi na mwendo safi, mara nyingi hana shida ila sura. Waliozaliwa na vifundo vilivyonyooka mno huipata kwa urahisi. Lakini umri hubadilisha hukumu. Ikimtokea farasi wa mwaka mmoja au miwili ambaye hajafanya kazi yoyote, mtuhumiwa wa kwanza ni kasoro ya ukuaji, pale gegedu na kipande kidogo cha mfupa vinaposhindwa kushikana vizuri na kubaki vikielea au kuning'inia ndani ya kiungo. Kwenye kifundo hiki kasoro hiyo hupenda kukaa ukingoni mwa mfupa wa juu, kwa mbele. Farasi wa aina zinazokua haraka na kuwa wakubwa, pamoja na wale wa mbio, ndio huonekana nayo zaidi. Eksirei huionyesha, na mpasuaji huweza kukitoa kipande kwa matundu madogo. Wengi hurudi kazini vizuri, hasa wakipasuliwa kabla kiungo hakijaanza kulika.

Kuinyonya spavini kwa sindano ili mguu upendeze ni kazi bure. Ute hurudi baada ya siku chache kwa sababu kilichouzalisha bado kipo, na kila sindano inayoingia kwenye kiungo ni mlango kwa vijidudu. Kama daktari ameamua kuingia, awe na sababu nyingine, kama vile kupima ute au kuweka dawa, na afanye hivyo baada ya kunyoa na kusafisha ngozi kwa makini. Sindano za vifundo zinazopigwa bandani, ngozi ikiwa imepanguswa kwa pamba moja tu, ni jambo ambalo siwezi kulizungumzia kwa upole.

Thoropini nayo mara nyingi ni ya sura tu. Ichukulie kwa uzito ikiwa imetokea ghafla, ina joto, au farasi anachechemea, maana hapo kano yenyewe au mfupa inaopita juu yake huenda umeumia. Altrasaundi na eksirei ndizo zitakazosema.

Kisiginoni

Uvimbe juu ya ncha ya kisigino kwa kawaida hutokana na kujigonga: farasi anayepiga mateke ukuta, anayelala kwenye sakafu ya saruji yenye maranda machache, au aliyesafirishwa kwenye lori akiegemea mlango wa nyuma. Ngozi hugongwa na mfupa, na katikati yake hujitengeneza kifuko cha maji. Mwanzoni huwa na joto na ulaini, baadaye hupoa na kuwa kigumu. Ongeza matandiko, ziba ukuta kwa mpira, mfunge vizuri kwenye lori, kisha umwache. Kupasua au kunyonya kifuko hiki huharibu zaidi kuliko kutengeneza.

Kuna jambo moja tu la kuangalia hapa. Kano bapa inayopita juu ya kisigino huweza kuteleza na kuangukia pembeni, mara nyingi upande wa nje. Hutokea ghafla, farasi akiwa kazini. Utamwona amepagawa, anarusha mguu na kujaribu kukimbia kitu asichokiona, na ukiweka mkono utahisi kano ikipanda na kushuka kila anapokunja. Mtulize, msimamishe, mwite daktari.

Nyuma, chini ya kisigino

Simama ubavuni, umtazame sawa na kifundo. Kutoka ncha ya kisigino kushuka chini, nyuma ya mguu inapaswa kuwa mstari mmoja ulionyooka. Ukiona mstari umebinuka kwa nje kiasi cha upana wa kiganja chini ya ncha, hiyo ni kabu. Zamani ilisemwa kwamba ni ligamenti moja ndefu iliyovutika. Altrasaundi imeonyesha kwamba mara nyingi ni tishu za chini ya ngozi au kano zilizopita hapo, na matibabu hutegemea ni kipi kilichoumia. Farasi wenye vifundo vilivyopinda sana, miguu ikiingia chini ya tumbo, ndio huipata, na hasa vijana wanaosukumwa mapema kwenye kazi ya kukimbia au kuruka.

Kabu mpya huwa na joto na maumivu. Maji baridi, mapumziko, na kipimo kabla ya kurudi kazini. Kabu ya zamani iliyo baridi ni kovu tu. Na kabla hujamhukumu farasi, pitisha kidole upande wa nje. Wengine wana kichwa cha mfupa mwembamba wa pembeni kilichotokeza, kigumu kabisa, na ukikitazama kwa ubavu hufanana na kabu. Huyo hana ugonjwa.

Uvimbe mgumu wa ndani: spavini ya mfupa

Hapa ndipo kanuni ya ukubwa inapoanguka kabisa. Spavini ya mfupa ni kulika kwa vile viungo viwili vya chini. Wakati mwingine hutoa kibonge kigumu upande wa ndani, chini kabisa ya kifundo, mahali panapokutana na mfupa mrefu. Mara nyingi haitoi chochote cha kuonekana, huku farasi akiteseka kila siku.

Dalili zake huanza mbali na kifundo. Mpanda farasi hulalamika kwamba mgongo umekaza. Farasi aliyekuwa akiruka vizuri anaanza kusimama mbele ya kiunzi. Fundi wa viatu anasema farasi hataki kushikiliwa mguu, na kwamba kiatu cha nyuma kimelika kwenye ncha. Asubuhi anatoka bandani akiwa mkakamavu, baada ya dakika kumi za kutembea analainika, na wote mnajiambia ameshapona. Kwa kuwa mara nyingi ugonjwa huwa kwenye miguu yote miwili, hachechemei waziwazi. Hatua tu zimefupika pande zote, na jicho halina mguu mzima wa kulinganisha.

Daktari atamkunja mguu kwa dakika moja hivi, kisha atataka akimbizwe papo hapo. Akichechemea zaidi, kuna jambo. Lakini kwa maumbile ya farasi kifundo hakikunjiki peke yake: goti hujikunja nacho. Jaribio hilo basi haliwezi kukuambia ni kiungo kipi. Kinachothibitisha ni ganzi inayowekwa kiungo kimoja kimoja, ikifuatiwa na eksirei.

Hakuna dawa ya kurudisha gegedu lililolika. Kuna viatu vinavyorahisisha ukwato kugeuka, kazi ya polepole isiyokatika, dawa za maumivu, na sindano za steroidi ndani ya kiungo ambazo hutuliza kwa miezi kadhaa. Steroidi zina hatari ya kuleta ugonjwa wa kwato, hivyo mwambie daktari kama farasi amewahi kuugua ugonjwa huo au ni mnene kupita kiasi. Kwa baadhi yao viungo hivyo vya chini hatimaye hushikana na kuwa mfupa mmoja, na kwa kuwa havikuwa vikisogea sana tangu mwanzo, maumivu huisha na farasi hufanya kazi tena. Ni safari ndefu, na si kila mmoja hufika.

Wapo wanaochoma kifundo kwa chuma cha moto au kukipaka dawa za kubabua ngozi, kwa imani kwamba moto utaharakisha kupona. Unachokipata ni jeraha jipya juu ya lile la zamani. Mnyama hupona wakati mwingine kwa sababu baada ya kuchomwa hupewa miezi mitatu ya kupumzika. Mpe miezi mitatu bila moto.

Usiosubiri kesho

Kidonda chochote karibu na kifundo, hata cha ukubwa wa kichwa cha pini, kichukuliwe kuwa kimeingia kwenye kiungo au ala mpaka daktari akanushe. Mwiba wa mgunga, seng'enge, msumari wa ubao, uma wa kuzolea samadi: vyote vinafika ndani kwa urahisi kwa sababu pale ngozi na kiungo havina nyama katikati. Chunguza kama kuna majimaji ya manjano, mazito kidogo, yanayovutika ukiyashika kati ya vidole viwili. Huo ni ute wa kiungo.

Mtego mkubwa wa kidonda hiki ni kwamba siku ya kwanza farasi huweza kutembea vizuri. Tundu likiwa wazi, ute na usaha hupata njia ya kutoka na shinikizo halijengeki. Linapoziba, hata ndani ya siku moja au mbili, kiungo hujaa na farasi hawezi kuweka mguu chini. Hapo saa za thamani zimeshapotea. Kiungo chenye vijidudu huoshwa kwa maji mengi safi ya dawa, mara nyingi farasi akiwa amelazwa usingizi, na anayeoshwa ndani ya siku ya kwanza ana nafasi nzuri kuliko anayeletwa siku ya nne.

Kwa hiyo usitie kijiti wala kidole. Usipake mafuta, majani, wala ile dawa ya kupuliza ya rangi. Funika kwa kitambaa safi, mzuie asitembee, piga simu, na uulize chanjo yake ya pepopunda ni ya lini. Ukifunga bendeji, izungushe kwa mtindo wa nane huku ncha ya kisigino ikibaki wazi, na uweke pamba ya kutosha juu ya kano kuu. Bendeji iliyokazwa hapo huchimba kidonda kingine.

Uharaka huohuo umpe mtoto wa farasi wa siku au wiki chache ambaye kifundo chake kimevimba, hata kama jana alikuwa akirukaruka. Watu husema amekanyagwa na mama yake. Huenda ni kweli, lakini vijidudu vinavyoingia kupitia kitovu hukimbilia viungoni, na kusubiri kesho ni kumpoteza.

Mguu mzima ukivimba ghafla kuanzia chini hadi juu ya kifundo, ukiwa na joto, farasi ana homa na hataki kuguswa, ni maambukizi ya chini ya ngozi, na huyo anahitaji antibayotiki leo. Miguu yote miwili ya nyuma ikijaa baada ya siku ya kusimama bandani, bila joto wala maumivu, na kidole kikiacha shimo kama kwenye unga uliokandwa, ni maji yaliyotuama tu. Mtembeze dakika ishirini, yatashuka. Aliyepigwa teke na mwenzake upande wa nje wa kifundo apigwe eksirei hata kama anatembea, kwa kuwa mfupa wa pale hukatika vipande vidogo bila kelele. Na ukiona vinundu vimejipanga mstari kwenye mguu, vinapasuka na kutoa usaha, mtenge na wengine: upo ugonjwa wa kuvu wa namna hiyo unaowasumbua sana farasi wa mikokoteni Ethiopia.

Wakati unamsubiri daktari

Maji baridi ya bomba kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, mara tatu kwa siku, hayadhuru uvimbe wowote usio na kidonda. Piga picha nne kwa simu, mbele, nyuma, na kila ubavu, ukiwa umesimama umbali uleule, kisha uzirudie jioni; ni ushahidi bora kuliko "naona kama umepungua". Usimpe fenilibutazoni, ile "byuti" ya mabandani, kabla daktari hajamwona akitembea, isipokuwa yeye mwenyewe amekuambia kwa simu. Itaficha kile kilichomleta. Na kama mtu mwingine bandani ameshampa dawa nyingine ya maumivu, sema, kwa sababu mbili pamoja huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo.

Ununuzi nao una hesabu zake. Farasi wanaostaafu mbio kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, huuzwa kwa ajili ya kupandwa au kufundishwa polo, na wengi huja na bonge fulani kifundoni. Farasi wa miaka minane mwenye spavini ya maji iliyo baridi, picha za zamani zikionyesha ilikuwa hivyohivyo, na mwendo safi baada ya kukunjwa mguu, ni wa kupunguziwa bei na kununuliwa. Mwenye miaka miwili na uvimbe huohuo apigwe eksirei kwanza, gharama akalipe muuzaji. Na yule ambaye vifundo vyake havina hata alama, lakini viatu vyake vya nyuma vimelika kwenye ncha, omba umwone tena asubuhi na mapema, akitoka bandani baridi, kabla mtu hajamtembeza.